Mtembeze Kwanza, Msimamishe Baadaye

Hotuba kwa wafugaji wa mbwa wa Nyanda za Juu Kusini waliokutana Mafinga

Kamwene! Na nyinyi wa Mbeya na Tukuyu mlioondoka kwenu kabla jogoo hajawika, mugonile!

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioshika kamba za mbwa, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Baridi ya Mafinga mnaiona wenyewe, na hawa wanyama wameshaanza kuchoka kusubiri, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Nimeombwa nieleze jinsi ya kumsimamisha shefadi, yaani mbwa wa aina ya German Shepherd, mbele ya majaji wa maonyesho, kisha jinsi ya kumzalisha. Nitaanza na kusimamisha kama nilivyoombwa, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tulipopotea njia, na mimi nilipotea kabla yenu.

Kijana, mlete Simba hapa katikati, pale penye majani mafupi. Hapo hapo, ardhi ni tambarare.

Tazameni miguu ya mbele. Yote miwili imesimama wima chini ya mabega, kama nguzo za baraza. Hiyo haina ugumu. Sasa tuje kwenye miguu ya nyuma. Chukulieni kwamba jaji amesimama hapo mlipo nyinyi. Mguu wa nyuma ulio upande wa jaji ndio unaorudishwa nyuma, na mwenzake wa upande wa pili unaingia mbele, chini ya tumbo. Huu uliorudishwa hauvutwi mpaka mbwa alalame. Angalieni kipande hiki, kuanzia kifundo hiki kilichochongoka kushuka hadi kwenye unyayo. Kipande hiki kinatakiwa kisimame wima, kama fimbo uliyoichomeka ardhini. Kikishakuwa wima, ondoa mkono wako. Mwache asimame mwenyewe, shingo juu, masikio mbele, anaangalia kitu anachokipenda. Ndiyo maana kule Ujerumani mwenye mbwa hukaa nje ya kamba za uwanja akimwita, ili mbwa asimame kwa hamu yake na si kwa kushikiliwa.

Sasa swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, nami kwa miaka mingi sikujiuliza: kwa nini asimame hivi? Ng'ombe tunamsimamisha kwa miguu yake minne ya kawaida, na mbuzi vilevile. Shefadi amepewaje msimamo wa peke yake?

Msimamo huu unafungua mguu wa nyuma ili tuusome. Kipande cha chini kikiwa wima, unaona paja lina urefu gani, mfupa wa kati ya goti na kifundo una urefu gani, na vinakutana kwa mkunjo wa kiasi gani. Mguu wa pili ulioingia chini ya tumbo unabeba mwili wakati wewe unasoma huu wa kwanza. Mkunjo ndio unaotupa mwendo. Mguu ulionyooka kama wa meza hauna cha kukunjua, kwa hiyo hausukumi. Mguu uliokunjika kupita kiasi unachelewa kujikunjua, unayumba, na kifundo kinachezacheza kama bawaba iliyolegea. Jaji anatafuta mguu ulio kati ya hiyo miwili. Kazi ya msimamo ni hiyo tu. Halafu anasema, haya, tembea, ili aone kama alichokisoma kwenye mifupa kipo kwenye mwendo.

Na mwendo wenyewe ni ule ambao kila aliyesoma shule ya msingi katika nchi hii anaujua: mchakamchaka. Mguu wa mbele wa kulia unakwenda pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha kinyume chake. Mbwa huyu ameumbiwa mchakamchaka. Chanzo chake kiko kwenye kazi aliyokuwa akiifanya kabla hajaitwa mbwa polisi. Kule Ujerumani kondoo walilishwa kando ya mashamba ya nafaka yasiyokuwa na uzio. Mbwa alipewa mpaka, mara nyingi ni mfereji tu wa jembe la ng'ombe, naye akaufuata kwenda na kurudi mchana kutwa, kondoo wasivuke kuingia kwenye mazao. Alikuwa uzio wenye miguu. Ndugu zangu mliotoka Mbarali, mnaojua maana ya mifugo kuingia kwenye mpunga wa mtu, nadhani mnaiona thamani ya mnyama wa namna hiyo kuliko mtu yeyote hapa. Kazi ile ilitaka mbwa atembee kutwa nzima asichoke, kwa hiyo ikachagua mwili mrefu kidogo kuliko kimo chake. Vipimo vinavyofuatwa mpaka leo, kanuni namba 166 ya FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, vinasema urefu wa mwili uzidi kimo kwa asilimia 10 hadi 17. Dume awe na kimo cha sentimita 60 hadi 65 begani na uzito wa kilo 30 hadi 40. Jike sentimita 55 hadi 60, kilo 22 hadi 32. Mgongo ushuke kidogo. Kidogo, nasisitiza.

Hapa wapo wazee ambao hawapendi hata kusikia neno Ujerumani, nami nawaelewa. Mimi nimekulia Iringa. Mkwawa alikufa Julai 1898 akikataa kushikwa na Wajerumani. Haikutimia hata miezi 9, Aprili 1899, kule kwao kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, ofisa mmoja wa kikosi cha farasi aitwaye Max von Stephanitz akamwona mbwa wa kuchungia, akamnunua hapo hapo, akampa jina la Horand von Grafrath. Mwezi huo huo wakaunda chama cha mbwa huyu, na Horand akaandikwa namba 1 kwenye daftari lao. Historia hizo mbili zina umri mmoja, na sitawaambia mzisahau. Ila mbwa hakumkosea mtu, na kuna jambo moja la huyo Stephanitz ambalo nataka tulichukue bila aibu. Alikuwa akisisitiza kwamba uzuri wa mbwa huyu ni kazi yake, na kwamba aliyepoteza kazi amepoteza na uzuri. Mwaka 1925, mbwa walipoanza kuzalishwa warefu wa miguu na mwili wa mraba, alimpa ushindi mkubwa wa mwaka Klodo von Boxberg, mbwa mfupi zaidi wa miguu na mrefu zaidi wa mwili, na wafugaji wote wakageuka kumfuata. Uamuzi wa siku moja, ukabadilisha sura ya mbwa dunia nzima. Watu ndio wanaochagua umbo la mbwa, na watu wanaweza kuchagua vibaya.

Walichagua vibaya. Tulianza kuupenda msimamo kuliko kile msimamo unachokipima. Mgongo ukaonekana unashuka kwenye picha, tukasema huo ndio uzuri, tukazalisha mgongo. Machi 2016 kwenye maonyesho ya Crufts, mjini Birmingham, Uingereza, jike aliyechaguliwa kuwa bora wa aina yake alizua malalamiko makubwa kwa jinsi mgongo wake ulivyoshuka na jinsi alivyotembea. Watu wa kawaida, wasiojua lolote kuhusu vipimo, walitazama runinga na kusema mbwa huyu anaumwa. Macho yao yaliona kilichowapita wataalamu.

Lakini Birmingham ni mbali. Niruhusuni nizungumzie ya hapa kwetu, na ya kwangu.

Mwaka 2014 nilinunua dume kutoka Dar es Salaam. Nilimwona kwenye picha, amesimamishwa kwa msimamo huu huu, mgongo umeteremka kama paa la nyumba. Nilimlipia bei ya kununulia ng'ombe wawili wa maziwa. Alipofika nilimpokea stendi kama ninavyompokea mgeni wa heshima. Alikuwa mzuri, siwadanganyi. Manyoya meusi mgongoni, kahawia ya kung'aa kwenye miguu, kichwa cha kiume. Nilimpandisha kwa majike wangu wawili, nikapata watoto 13, wakanunuliwa wote kabla hawajafungua macho. Walikwenda Makambako, Njombe, Uyole na Iringa mjini.

Simu ya kwanza ilinijia kabla ya mwaka kuisha. Mtu wa Makambako aliniambia mbwa wake anakimbia kwa kurusha miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, kama sungura. Nikamwambia ni utoto. Ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Ndipo nikamtazama dume wangu mwenyewe kwa jicho jingine. Asubuhi alikuwa akiamka kwa kutanguliza mbele, kisha anajivuta. Kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba alikuwa anazunguka njia ndefu ili asipande. Nilikuwa nimeyaona hayo kwa miezi mingi na nilikuwa nimeyaita uvivu.

Nilimpeleka kupigwa picha ya eksirei. Daktari wa mifugo alinionyesha kwa ncha ya kalamu: kichwa cha mfupa wa paja, kinachotakiwa kukaa ndani ya kikombe cha nyonga kama mchi ndani ya kinu, kilikuwa kimekaa ukingoni, na kikombe chenyewe kilikuwa bapa kama sahani. Akaniuliza, umeshamzalisha? Sikuweza kumjibu palepale.

Nilisafiri kwenda kwa walionunua. Nyumba ninayoikumbuka zaidi ni ya mzee mmoja wa Uyole. Alikuwa ameketi nje na yule mbwa, jike wa miaka miwili, kalaza kichwa kwenye kiatu chake. Nilimwambia niko tayari kumrudishia fedha. Akanijibu, "Mwanangu, fedha zako kaa nazo. Niambie tu, yule dume bado unampandisha?" Nikamwambia hapana, Baba, nimeacha. Akasema basi hiyo inatosha. Yule jike aliishi akimezeshwa dawa za maumivu hadi alipofikisha miaka sita.

Sasa mnielewe vizuri kuhusu ugonjwa huu wa nyonga, kwa sababu unadanganya. Mtoto wa mbwa hazaliwi nyonga zikiwa zimeharibika; anazaliwa na udhaifu alioupokea kwa wazazi, kisha kiungo kinalegea anavyokua. Asili yake iko kwenye jeni nyingi kwa pamoja, na malezi yanaongeza au kupunguza. Mbwa anaweza kukimbia vizuri tu na bado akawa nao, akawarithisha wanawe. Ndiyo maana macho yetu hayatoshi, na ndiyo maana Wajerumani hawaruhusu mbwa aandikwe kama mzazi mpaka nyonga na viwiko vyake vipigwe picha akiwa ametimiza angalau miezi 12. Najua mnachotaka kusema: mashine iko mbali, nauli, dawa ya kumlaza mbwa, gharama za picha. Ni kweli. Kwa wengi wetu ni safari ya siku nzima. Lakini dume mmoja anaweza kuzaa watoto 100. Gawanyeni gharama ya safari moja kwa watoto 100 mniambie ni shilingi ngapi kila mmoja. Wenye madume mnaweza hata kwenda kwa kundi, gari moja, mbwa wanne.

Wakati mnapanga safari hiyo, yapo ambayo hayahitaji mashine. Mwangalie anavyoinuka baada ya kulala kwenye baridi. Mwangalie anavyopanda kilima. Hili Mungu ametupendelea, nyanda zetu zote ni vilima. Mpeleke mchakamchaka pembeni ya baiskeli. Kule kwao, mbwa hazalishwi kabla hajakimbia kilomita 20 kando ya baiskeli kwa mwendo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa, na mwishoni wanakagua nyayo za miguu yake. Kilomita 20 ni kama robo ya njia ya kutoka hapa Mafinga hadi Iringa. Tena anapimwa kunusa nyayo, utii, na ujasiri wa kumlinda bwana wake. Sisi hatuna majaji wa kutupimia hayo, lakini barabara za vumbi tunazo, na baiskeli tunazo.

Kuhusu picha za kwenye simu, ambazo vijana mnanunulia mbwa: tazama ardhi kabla hujamtazama mbwa. Mbwa akisimamishwa mteremkoni, miguu ya mbele ikiwa juu, mgongo wowote utashuka. Tazama na kile kipande cha chini cha mguu wa nyuma. Kama kimelala nyuma badala ya kusimama wima, mguu umevutwa kupita kiasi ili kutengeneza mteremko usiokuwepo. Mwombe muuzaji video ya mbwa akitembea kukuacha, akirudi, na akipita ubavuni. Akikosa video, bakiza fedha zako.

Nimesikia pia mtu akisema anatafuta jike wa kumpandisha na kaka yake wa tumbo moja ili "damu isichafuke". Ndugu yangu, damu za shefadi tulizo nazo kuanzia Iringa hadi Tunduma ni chache sana. Wengi wetu tumenunua kwa watu wale wale. Kumbukeni pia kwamba mbwa wote hawa, popote walipo duniani, wanarudi kwa yule Horand mmoja. Tayari ni ndugu. Tukiendelea kuwapandisha ndugu wa karibu tunakutanisha kasoro zilizojificha pande zote mbili. Kila mmoja wenu awe na daftari. Andika baba, mama, babu na bibi wa kila mbwa, tarehe ya kupandisha, idadi ya waliozaliwa, waliokufa, na muhimu kuliko yote, waliokuwaje walipofika miaka miwili. Mimi sikuwa na daftari. Nilitafuta wale watoto 13 kwa kukumbuka sura za watu.

Haya mengine nayapitia haraka. Dume awe na korodani zote mbili zimeshuka. Zishike kwa mkono wako, usiambiwe. Meno yawe 42. Jike asipandishwe kwenye joto lake la kwanza, yaani mara ya kwanza anapotaka dume. Mimi simpandishi kabla ya miezi 20, wala joto mbili mfululizo. Atabeba mimba kama siku 63. Watoto wasitoke kwa mama kabla ya wiki 8, hata mteja akileta fedha mkononi. Rangi nyeupe inayouzwa kwa bei ya juu kama kitu adimu haikubaliki kwenye vipimo vya mbwa huyu, ingawa mbwa mwenyewe hana kosa. Na chanjo ya kichaa cha mbwa sitaki hata kuijadili: asiye na cheti asilete mbwa wake hapa tena.

Ila kuna mawili siwezi kuyapitia haraka.

La kwanza ni masikio. Masikio ya mtoto wa shefadi husimama kati ya miezi mitatu na sita hivi, na yanaweza kusimama kisha yakalala tena wakati meno yanabadilika. Mwenye mbwa anaogopa, anakimbilia duka la dawa za mifugo, anarudi na kopo la kalsiamu, anamwaga kwenye uji kila siku. Mbwa wa aina kubwa akizidishiwa kalsiamu utotoni, mifupa na viungo vinaharibika. Unasimamisha masikio unapoangusha nyonga. Mpe chakula kamili, dagaa, dona, nyama kidogo, mayai ukiweza, na usimnenepeshe. Mtoto mnene anabebesha viungo laini mzigo wa mtu mzima. Mbavu zisionekane kwa mbali, lakini ukipapasa uzihisi.

La pili ni kumfungia mbwa gizani mchana kutwa ili awe mkali. Mbwa aliyelelewa gizani anauma kwa woga, na mwoga hachagui. Atamwacha mwizi mwenye panga na kumng'ata mtoto aliyetumwa chumvi kwa jirani. Vipimo vyenyewe vinataka mbwa mtulivu, anayejiamini, mwenye roho njema. Anayeruka pembeni karatasi ikipeperuka, msimzalishe hata mgongo wake ungekuwa umechorwa na malaika. Woga unarithiwa kama nyonga mbovu. Mimi mbwa wangu wanalinda yadi ya mbao hapa karibu na msitu wa Sao Hill. Mchana watoto wa mafundi wanawapanda mgongoni. Usiku hakuna ubao uliowahi kuondoka.

Simba huyu mnayemtazama ni mjukuu wa jike mwingine, niliyeanza naye upya baada ya kumwacha yule dume. Nyonga zake zimepigwa picha, za mama yake pia. Mgongo wake haushuki sana, na kwenye picha mtu anaweza kumpita bila kugeuka. Amepanda kilima cha nyuma ya nyumba yangu leo asubuhi kabla hatujaja hapa, kwa mchakamchaka, akanisubiri juu.

Sasa tuanze kazi. Nimeona kule nyuma kuna jike mweusi, yule aliyekuja na mama wa Makambako. Mama, karibu katikati. Hapana, usimsimamishe bado. Mlegezee kamba, mtembeze mpaka kwenye ule mkaratusi, kisha urudi naye hapa mbele yetu.